Nilipaka Oili Juu ya Uzio, Sasa Ukoo Unataka Kunishukuru

Dada huyu ameandika kutoka Makambako na ameomba jina lake libaki kwetu. Msome mpaka mwisho ndipo mfungue midomo.

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Kitandililo. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki yupo, wiki hayupo. Nawaomba msinitukane kabla sijamaliza. Mkishanisoma mtukane tu, nitakuwa nimestahili.

Kiwanja chetu tuliuziwa na Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe wangu. Tulinunua ardhi, lakini pembeni kuna milanzi aliyoipanda mwenyewe ujanani, na kwa desturi ya huku milanzi ni ya aliyeipanda hata kama ardhi imeuzwa mara tatu. Msiojua, mlanzi ni mwanzi tunaougema ulanzi, pombe yetu ya huku. Msimu wa mvua chipukizi linakatwa ncha asubuhi na jioni, kila siku. Ukiruka siku mbili limekauka.

Kwa hiyo kila siku, alfajiri na jioni, mzee yupo bustanini kwangu. Nikiwa natoka kuoga na kanga moja, nakutana naye, ananisalimia kwa kilugha. "Kamwene, mkwe wangu!" Utajibu nini? Angekuwa peke yake ningevumilia, mimi si mkorofi kiasi hicho. Tatizo ni wateja wake. Wakisikia ulanzi umeiva wanapitia kwangu na vikombe mkononi, wanakanyaga miche yangu ya parachichi niliyoinunua kwa jasho langu, mwingine akajisaidia kwenye mboga. Nikamwambia mume wangu tuzungushe uzio wa mabanzi, akakubali. Nikafunga geti kwa kufuli.

Nilimpelekea mzee ufunguo wake. Aliutazama kama nimempa kitu kichafu. "Nipewe ufunguo wa kwenda kwenye milanzi yangu mwenyewe? Kaa nao." Kesho yake akaruka uzio. Mzee wa miaka sabini na kitu, ndugu zangu, anaruka kama mbuzi, na wateja nyuma yake.

Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa kuuliza sheria inaniruhusu nini. Nilitaka kuweka chupa zilizovunjwa juu ya mabanzi. Akanikatisha: "Mama, chupa hapana, umeme hapana, mtego wowote hapana. Mtu akiumia kwako, hata awe mwizi, utajieleza polisi. Weka kibao kinachosomeka, panda michongoma, huyo mzee mlete hapa tuzungumze." Nikaweka kibao: USIRUKE UZIO, PITA GETINI. Jioni nikakuta mzee ametundika mbeta yake, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, kwenye msumari wa kibao hichohicho. Michongoma nilipanda pia, lakini michongoma haikui kwa hasira za mtu. Kumshitaki baba mkwe kwa mtendaji nilishindwa, ukoo ungenitafuna mbichi.

Basi mume wangu akaleta dumu la oili chafu kutoka gereji, nipake mabanzi kuzuia mchwa. Kila mtu huku anafanya hivyo, hakuna sheria inayokataza. Nikapaka chini. Halafu nikaona dumu bado lina kitu, nikapanda kwenye stuli nikapaka na juu, pale anapowekaga mikono na mguu. Chini nilipaka kwa ajili ya mchwa. Juu nilipaka kwa ajili yake. Nilitaka achafuke tu, akasirike, achukue ufunguo. Naapa sikuwaza kuanguka.

Alianguka asubuhi ya pili. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Amevunjika nyonga, tukamkimbiza hospitali Njombe. Watu wote wakasema ni mvua, mabanzi yalikuwa na maji. Mimi nikanyamaza. Nikawa wa kwanza kubeba uji, wa kwanza kufua mashuka.

Siku ya tatu tulibaki wawili wodini. Nilikuwa namsugua viganja kwa sabuni, weusi haukuwa umetoka wote. Akanitazama muda mrefu, akauliza polepole, "Mkwe wangu, siku hizi mchwa wanapanda mpaka juu?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie, watu watauliza. Mimi nimeshawaambia niliteleza kwa maji. Nenda ukanikatie milanzi, isikauke."

Tangu siku ile mimi ndiye mgema. Alfajiri na jioni na kisu mkononi, mimi ambaye nilikuwa naziba pua ulanzi ukipita. Nashindwa kuacha hata siku moja. Mzee ametoka hospitali, ukoo umeamua akae kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayemjali. Daktari amesema kutembea kwa miguu yake tena ni bahati. Kila jioni nampelekea kikombe, anasema, "Asante mwanangu," na hajawahi kulitaja lile jambo tena. Angenitukana ningepona. Mume wangu naye ananisifu kila simu, na kila akinisifu natamani ardhi inimeze.

Jumamosi hii ukoo unakaa hapa nyumbani. Shangazi wamenunua kitenge, wanataka nisimame mbele ya watu wote nivikwe, niwe mfano kwa wakwe wengine. Nikisema ukweli, mume atajua, mtendaji atakumbuka alichoniambia, na mzee ataonekana muongo mbele ya ukoo wake kwa ajili yangu. Nikinyamaza nitavikwa kitenge mbele ya mtu niliyemvunja, naye atakuwa amekaa pale anapiga makofi.

Ndugu zangu, nishaurini. Wakiniita jina, nisimame nivae, au nisimame niseme?