Madoa Yenye Kitovu Cheupe

Miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya kamera inayopiga picha ndani ya jicho. Wenzake humwita Bibi Kamera. Kazi yake kupiga picha. Kuzisoma ni kazi ya daktari.

Saa nane mchana, mgongo ukimuuma Bibi Kamera, aliingia fundi cherehani, mama wa makamo.

"Dada, mimi shida yangu miwani tu. Uzi haupiti kwenye sindano."

"Weka kidevu hapa, mama. Tazama taa ya kijani. Usipepese."

"Nikipepesa?"

"Tutarudia mpaka tuzeeke."

"Mwenzangu, mimi nimeshatangulia!"

Mwanga ukapiga. Kwenye skrini yakatokea madoa ya damu, kila doa na kitovu cheupe. Bibi Kamera akafuta lenzi, akapiga tena. Alijua si vumbi. Jicho la pili lilikuwa vilevile.

Akaona mkono wa fundi umevilia damu. "Uligonga wapi?"

"Hata sijui. Siku hizi nikiguswa tu, navilia. Na huu uchovu, dada, utadhani nimelima shamba la kijiji kizima."

Madoa kama hayo aliwahi kuyaona kwa mwalimu mmoja kijana. Foleni ilikuwa ndefu, wakamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu alikuja kaka yake, kuchukua faili la marehemu. Ilikuwa saratani ya damu.

Fundi alikwishashika mkoba. "Nje kuna watu thelathini. Nitarudi wiki ijayo, nina nguo za watu."

"Wiki ijayo hapana."

"Kwani umeona nini?"

Hapo ndipo kazi ya Bibi Kamera huishia. Alichoka kuishia hapo.

"Nimeona damu pasipo pake. Jina lake atakupa daktari, baada ya kipimo cha damu. Leo hii."

"Ni mbaya?"

"Ingekuwa miwani tu, mama, ningekuacha uende."

Fundi akakaa polepole. Akampigia bintiye. "Kata wewe hilo gauni. Mimi nimekwama... Hapana, usije. Au njoo."

Bibi Kamera akachukua picha, akampitisha fundi mbele ya foleni ya daktari.

"Huyo shangazi yako, eti?" mzee mmoja akafoka.

"Eeh. Shangazi yangu."

Daktari alizitazama picha, akaweka kalamu chini. Hakuuliza nani kawaruhusu kuingia. Akainua simu, akaita maabara.