Birika la Samaki wa Meja

Hamdun alikuwa fundi wa mabirika ya misikiti, kazi aliyorithi kwa baba yake pale Old Kampala, na birika alilojenga yeye halikuvuja. Kwa hilo watu walimheshimu, na yeye hakutaka zaidi. Kisha wakamchukua mwanawe. Tajudin alikuwa akipanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa Wandegeya. Watu waliovaa miwani myeusi walimtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, wapita njia wakatazama viatu vyao, na tangu siku ile hakuna aliyejua kama yu hai. Kwenda kuuliza polisi kulikuwa ni kujipeleka mwenyewe. Hamdun akanyamaza, na kimya kile kikawa kinamla ndani kwa ndani.

Basi alipoitwa Kololo nyumbani kwa meja mmoja wa jeshi, alikwenda roho mkononi. Kumbe aliitiwa samaki.

Nyumba ile iliachwa na tajiri wa Kihindi alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, meja akapewa bure kama anayepewa peremende. Nyuma yake palikuwa na bwawa la samaki wa Kijapani waitwao koi, wekundu na weupe, wanene, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Bwawa lenyewe lilikuwa refu kuliko lori, na kina chake kilimfika mtu kifuani. Meja alilifukia apate pa kuegesha magari. Aliyewaokoa samaki ni mkewe, Filda, Mwacholi mpole wa maneno machache. Aliwatia kwenye bafu la kuogea, na humo walikuwa wakihema juu juu, midomo wazi.

Filda alitaka wajengewe birika kando ya ukuta. Hamdun alipoona mama huyu anawasemesha samaki kwa huruma, alipiga moyo konde akamweleza habari za Tajudin. Filda alitazama mlangoni kwanza.

"Samaki ikipona, Mzee, mimi nitauliza bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye akiwa na furaha, anasikia."

Mfa maji hukamata maji. Hamdun alikamata samaki.

Saruji siku hizo ilikuwa ya magendo, na meja, ambaye stoo yake ilijaa, alitoa mifuko michache tu kwa mchezo huo wa mkewe. Hamdun alisimama juu ya kifusi cha bwawa la zamani akalipima kwa macho. Alijua. Samaki wa namna ile anataka urefu wa kuogelea na kina cha maji baridi, na yule tajiri hakuchimba shimo lote lile kwa upuuzi. Ilimpasa aseme kwamba mifuko haitoshi, iongezwe, au samaki wapunguzwe. Lakini nani angeiambia nyumba ya meja kwamba kitu hakitoshi? Na kama kazi haifanyiki, ile ahadi ingebaki wapi?

Hapo akaikimbilia elimu ya chuo cha Kurani. Tangu utoto alifundishwa habari za maji ya kullateni: maji yakijaa shimo la dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, kitu kidogo kikiingia hakiyanajisi. Kila birika la msikiti alilipima hivyo. Saruji ile ingetoa birika la kullateni mara tano. Akajiambia kwamba maji yanayomtosha mja kusimama mbele ya Mola wake hayawezi kumpungukia samaki. Fikihi hiyo aliitunga mwenyewe, kwa woga, na akaiamini. Ile kanuni ni ya udhu, jamani. Samaki hatawadhi akaenda zake. Anakula, anajisaidia na kupumua humo humo.

Akajenga. Akajaza maji na kuyamwaga, akajaza tena, mpaka ukali wa saruji ukaisha, ndipo samaki wakaingizwa. Mwanzoni walicheza, na Filda akacheka, na Hamdun akapata usingizi wa kwanza tangu mwanawe achukuliwe. Halafu maji yakageuka kijani yakaanza kunuka. Yule mkubwa kuliko wote alilala ubavu akafa. Hamdun alikuja kila siku kuchota maji machafu na kumimina mapya kwa debe, na mifereji ilipokauka aliyanunua kwa wachuuzi. Hakuna lililosaidia. Walikufa mmoja baada ya mwingine.

Wa mwisho alipokuwa amelazwa kwenye majani, meja alitoka kwenda kwenye gari lake. Alimtazama samaki, akauliza kama mnyama huyo analiwa, na hakungoja jibu. Aliondoka akipiga mluzi.

Hamdun alimgeukia Filda. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Kosa ni langu, Mama. Birika ni dogo, na nilijua ni dogo. Usimwache mwanangu kwa kosa langu. Muulize tu bwana."

Filda aliketi kwenye ukingo wa birika.

"Siwezi, Mzee. Hata samaki ingepona, nisingeweza. Mimi nilitaka tu samaki ipone. Kaka yangu Ocen alikuwa askari. Walimtoa kwa kambi, wakaenda naye, mwaka wa tatu sasa. Mimi nalala na huyu bwana kila siku, na hata Ocen sijamuuliza."

Hamdun aliyekuja kuomba ndiye aliyesema pole. Akakusanya mwiko na debe lake, akateremka kwa miguu hadi Old Kampala. Mkewe, Rahima, alikuwa amesimama mlangoni, akataka kujua meja amesema nini kuhusu mtoto.

"Hajasema kitu," Hamdun alijibu. "Hakuna aliyemuuliza."