Seva Yangu na Friza ya Harusi

Nianze na aibu yenyewe niitue: seva yangu, niliyojigamba nayo mtaa wetu mzima wa Langoni kwamba hakuna mtu duniani wa kuizima, ilizimwa na shangazi yangu. Alitaka mahali pa kuchomeka friza ya sharubati.

Shule niliiacha kidato cha pili. Mambo haya nimejifunza kwa video. Seva ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya kitanda changu, inahema kama mbuzi mgonjwa. Watu wa mtaa wanaandika vijineno vyao kwenye simu, vinapita kwangu, vinasomwa. Hakuna matangazo, hakuna tajiri wa ng'ambo. Tajiri ni mimi, na bado nala kwa mama.

Wa kwanza kuniamini ni rafiki yangu, anafanya kazi hotelini kule Ras Kitau, kisiwa cha pili, mwendo wa mashua. Nilimkera mpaka akatoka kwenye magrupu yake yote ya simu.

"Habari za Langoni utazipata kwangu," nikamwambia.

"Na ukilala?"

"Mimi nalala, bwana. Seva hailali."

Ikaja harusi ya dadangu. Kwetu nyumba ya harusi inakuwa ya wanawake, wanaume tunatolewa. Nikahamia kwa jirani na mto wangu kwapani. Seva nikaiacha chini ya kitanda. Nilisahau kuwa hata mimi ni mwanamume.

Harusi ikiendelea, mwalimu wetu wa chuo cha Qurani akafariki asubuhi. Rafiki yangu ni yatima. Mwalimu huyo ndiye aliyemlea, akimlisha sinia moja na wanawe. Maziko yakawekwa baada ya adhuhuri. Wanawe hawakumwambia, walijua nitamwambia mimi, mwenye habari za mtaa. Nikaandika tanzia, nikabonyeza, nikatia simu mfukoni, nikaenda kuchimba kaburi. Mtu mkubwa, nina seva.

Tulipomaliza kufukia nikamtafuta kwa macho, simuoni. Nikatoa simu. Tanzia bado inazunguka, haijatoka. Nikakimbia nyumbani, shangazi akanizuia mlangoni.

"Wenda wapi wewe? Humu mna wanawake!"

"Shangazi, ile mashini yangu..."

"Ile yenye kelele? Tumeichomoa tangu jana. Sharubati itapoa kwa kelele?"

Wenzake ndani wakacheka. Na mimi nikacheka, ndivyo nilivyo. Nikamsihi, akaichomeka. Tanzia ikaruka mpaka Ras Kitau, maziko yamekwisha. Kumpigia nikaogopa.

Nikarudi makaburini kumngoja. Alikuja na sare ya kazi, suruali imelowa mpaka magotini. Udongo wa kaburi ulikuwa ushamwagiwa maji. Aliomba dua yake kimya, kisha akanigeukia. Nikamweleza yote, friza, shangazi, umeme, mpaka hapo pa sharubati nikatia utani. Nilipoishiwa maneno akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Nambari yangu si unayo, bwana?"