Bia ya Patron

Dereva wa kampuni tunayoigomea ameshusha kreti za bia mlangoni pa ofisi ya sendika yetu ya wafanyakazi, na chupa moja imevunjika. Harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye ua wetu wa mtaa wa Ngagara.

Mama alikuwa delege, mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni, na mgomo ulikuwa umepamba moto. Siku hiyo pia zilikuja kreti, kutoka kwa patron, mwenye kiwanda.

"Patron anawasalimia," dereva aliyezileta alisema. "Anaomba murudi ku kazi."

Kwetu, mwenye ombi huja na kinywaji. Ukikinywa, umekubali, ukikirudisha, umemtukana. Wagomaji waliojaa uani walimeza mate. Mimi nilishakimbilia kifungulio.

"Rudisha hicho kifungulio, mwanangu," Mama alisema, kisha akamgeukia dereva. "Mwambie patron aksanti, tumepokea. Lakini ombi linaletwa na mwenyewe. Akuje, tutakunywa naye."

Akazipanga kreti katikati ya ua, juani, kila mpita njia azione. Chupa zilipata moto, moja ikapasuka, na uchachu wa shayiri ukaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Hakuna aliyegusa.

Mwishowe patron alikuja. Alikaa kwenye benchi letu, akasema, akaambiwa. Walipokubaliana nyongeza ya mishahara, Mama alimpa chupa ya kwanza. Ilikuwa ya moto kama chai. Aliinywa yote.

"Hii ni baridi kabisa, mama," dereva ananihimiza sasa.

"Aksanti sana," namwambia. "Ziweke pale kwenye jua."