Mlio wa Nyuma ya Mbao

Volkano ilipotapika, mtaa wetu wa Ndosho, mjini Goma, ulibaki mtupu. Watu walibeba magodoro na watoto, wakafuata barabara ya Sake. Mimi nilibaki na bibi yangu. Miguu yake ilikuwa imevimba, presha inampanda, na kumbeba mgongoni umbali ule nisingeweza.

Kesho yake jua halikuonekana. Majivu yalitua juu ya mabati bila sauti. Hapakuwa na pikipiki wala redio, hata jogoo hawakuwika. Ardhi ilitetemeka kila mara, vikombe vikagongana vyenyewe mezani.

"Unasikia?" bibi aliuliza. "Kuna mutu anapiga."

"Ni tetemeko, koko."

"Tetemeko haingojaka. Huyu anapiga, kisha anangojea."

Niliufuata mlio hadi kwenye nyumba ya mbao ya jirani yetu, mama muuza viazi. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Kila alipoenda sokoni alimfungia baba yake ndani, maana kumbukumbu zilikuwa zimemtoka mzee, akitoka anapotea. Siku volkano ilipotapika, umati ulimsukuma jirani hadi Sake kabla hajafika nyumbani.

Nilivunja ubao kwa jiwe la lava. Mzee alikuwa ameketi, amevaa koti na kofia, midomo imepasuka kwa kiu, fimbo yake imeegemea ukuta wa ndani.

"Waasi wamekwisha kupita?" alininong'oneza. Alijiona bado Masisi, katika vita vilivyomfukuza kwao.

"Wamekwisha, papa."

Alikunywa maji, kisha akaonyesha ukuta. "Mupe na yule mama. Tunaongeaka."

Upande wa pili kilikuwa chumba cha mama mzee, mpangaji kutoka Butembo, asiye na mtoto hapa Goma. Niligonga. Kimya. Mzee akagonga kwa fimbo, akatega sikio, akatabasamu.

"Umesikia? Anajibu."

Sikusikia kitu. Nilizunguka nje, nikasukuma mlango. Mama yule alikuwa amelala kwenye mkeka, kiganja kimegusa ubao, mwili umekauka na kupoa. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimekwisha. Paketi tupu ilikuwa kando ya kichwa.

Nilimleta mzee kwetu. Bibi aliposikia habari, aliomba kanga na beseni. Alitembea akiniegemea, akipumzika juu ya kila jiwe.

"Hatutamuzika na majivu ku uso," alisema.

Alimwosha polepole, akimsemesha kwa Kinande, lugha ya Butembo, kama mtu anayesikia. Wanaume wawili waliobaki kulinda nyumba zao walitusaidia kumzika. Wakati wote huo, kutoka kwetu, fimbo ilikuwa ikigonga ukuta, ikinyamaza, ikigonga tena.

Jirani alirudi kwa miguu, viatu mkononi. Alipomkuta baba yake akinywa uji, aliketi chini akalia. Mzee alimtazama kwa huruma, bila kumtambua.

"Huyu mama ana njaa," alimwambia bibi. "Mumupe chakula."

Jirani alipokea bakuli la baba yake, akala.

Kufuli hakulirudisha. Kuanzia hapo alimpeleka baba yake sokoni, akamkalisha juu ya gunia nyuma ya viazi. Mzee aliwasalimu wateja kama watu wa kwao waliokufa zamani, akiwauliza habari za ng'ombe wao. Wengi walimjibu kwamba ng'ombe wako salama.