Oili Kwenye Shati Jeupe

Gereji nzima ilimwita Baruti, na jina hilo hakulipata kwa upole. Nati ikigoma, anaitukana. Mteja akichelewa, naye anapata lake. Ndiyo maana alipojitupia begi mgongoni kwenda kutembea nchi jirani na rafiki yake mpiga rangi, bosi wao alimwambia, "Huo mdomo uache hapahapa."

Laiti angesikia.

Basi lilikuwa kuukuu na barabara ndiyo usiseme, shimo likikutema jingine linakudaka. Abiria walirushwa kama maharage kwenye ungo. Baruti alikaa mbele, karibu na mama mmoja mtu mzima aliyejifunga mkanda mpana wa mgongo. Mama alikuwa anatoka hospitali, na kiti hicho cha mbele alikiomba mapema kwa sababu huko hakurushi sana.

Mara tone likamwangukia Baruti begani. Jeusi, zito, kwenye shati jipya jeupe. Akatazama juu kwenye rafu ya mizigo: kapu la mama, na dumu ndani yake.

"We mama! Mafuta yako yananimwagikia!"

"Mwanangu, dumu langu lina maji tu."

"Maji meusi? Umeyachota mtaroni? Mimi fundi, oili naijua! Mtu mzima hovyo!"

Konda, ili yaishe, akamwambia mama, "Mama yangu, hamia nyuma tu, tufike salama."

"Mgongo wangu, konda..."

"Tafadhali, mama."

Akaenda, akishika kiti baada ya kiti, hadi kile cha mwisho juu ya tairi. Kila shimo likipita, Baruti alimsikia akiguna. Akajifanya anaangalia nje.

Mpakani wote walishuka na mizigo yao. Afisa wa forodha akapiga meza. "Hili begi linalovuja ni la nani?"

Lilikuwa la Baruti, lile alilolibananisha na kapu la mama kwenye rafu. Ndani kulikuwa na chupa ya oili chafu anayotembea nayo kila mahali kwa ajili ya bolti zenye kutu, eti fundi wa kweli hasafiri mikono mitupu. Asubuhi zipu ilipogoma, aliligandamiza begi kwa goti. Kifuniko kilikuwa kimepasuka.

Afisa akafungua na dumu la mama, akanusa. "Maji."

"Baruti, umejilipua mwenyewe," mpiga rangi akasema.

"Nani ana baruti?" Afisa alishtuka.

"Hakuna, afande. Ni jina la huyu mjinga."

Foleni ikacheka. Baruti alitamani ardhi impasukie. Mama hakucheka wala hakumtazama. Walipopanda tena, hakungoja kuambiwa, alikwenda moja kwa moja nyuma. Kiti chake cha mbele kikabaki wazi, na Baruti aliona heri angepigwa kofi.

"Nenda," mpiga rangi akamwambia. "Anashuka mji unaofuata."

"Nitaenda."

"Utaenda akishashuka?"

Akainuka. Alipofika nyuma, akainama. "Mama, nisamehe."

"Sisikii."

"Nisamehe, mama."

"Uliponitukana hata dereva alisikia. Msamaha ndio umekauka sauti?"

Watu wakageuka. Damu ikampanda Baruti, akataka kujibu alivyozoea. Akaona mkono wa mama umekamata kiti cha mbele yake hadi vidole vimepauka.

Akasimama wima. "Jamani! Oili ilikuwa yangu. Mama huyu hana kosa. Nimemtukana bure, akanyang'anywa na kiti, na mgongo wake unamuuma tangu..." Hata waliomcheka mpakani hawakucheka.

Mama akanyoosha mkono. "Nishike. Usinivute."

Wakarudi mbele polepole, basi likiwayumbisha, yeye akiuegemea mkono wa Baruti kwa uzito wake wote. Alipokaa akashusha pumzi, akafumba macho. Hakusema amesamehe, na Baruti hakuthubutu kumuuliza.