Nilivyozima Injini Mteremko wa Akheri

Naanza na aibu yenyewe, msije mkasema nimeificha: mimi ndiye yule mtu aliyeingia na gari katikati ya mnada wa kanisa kule Akheri, gari likiwa limezimwa, mkono uko nje ya dirisha, na shangazi yangu kiti cha mbele akiomba toba kwa lugha mbili. Kama mlihadithiwa na mtu mwingine akawaambia nilikuwa nimelewa, si kweli. Kama alisema niligonga mbuzi, hilo pia si kweli, mbuzi alitoka pale mzima kuliko mimi. Mengine yote mliyosikia nadhani ni sawa.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, vitu vikajaa madukani hata mtu akawa hajui atazame wapi, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kama mvua. Mimi nilikuwa nauza viatu vya mtumba mjini, mtaa wa Daraja Mbili. Elimu yangu ni darasa la saba (na hilo la saba lenyewe mwalimu alinisukuma), kwa hiyo nilipofikia kununua gari nilijiona nimefika. Wenzangu walichukua pikapu kubwa zenye kukohoa. Mimi nikachagua kigari kidogo, rangi ya maziwa, ambacho ukifungua boneti unadhani kuna kitu wamesahau kuweka. Nilikichagua kwa sababu moja tu: kilikuwa hakinywi mafuta, kinanusa. Na kwa haki niseme, kigari kile hakikunikosea hata siku moja. Makosa yote yaliyomo humu ni ya mwenye gari.

Tatizo ni kwamba mtu ukishaanza kubana mafuta huachi. Kwanza nikaacha kukanyaga kwa pupa, nikawa naondoka taratibu kama niliyebeba ndoo ya maziwa, na gia nabadilisha mapema; hilo ni jambo zuri na mpaka leo nalifanya. Kisha nikatoa tairi ya akiba na jeki kwenye buti ili gari liwe jepesi. Kisha nikawa siendeshi vioo vikiwa wazi, maana niliambiwa upepo ukiingia ndani unalirudisha gari nyuma, kwa hiyo jua la mchana lilikuwa linanipika humo ndani na mimi natabasamu. Kisha nikalegeza waya wa hendibreki mwenyewe kwa spana ya kuazima, nikiamini inabana tairi kichinichini na kula mafuta bila mimi kujua. Mwisho nikamwambia fundi umeme aifunge honi upya, ilie pale funguo ikiwa imewashwa tu. Hiyo haikuhusu mafuta, ilikuwa hofu ya betri, lakini ubahili ukishakuingia haubagui.

Jirani yangu Mzee Saidi, dereva wa lori, ndiye aliyenifundisha kutoa gia kwenye mteremko ili gari lijiendee lenyewe. Baadaye watu walimlaumu yeye, na si haki. Alinikataza waziwazi. Alisema, "Mdogo wangu, toa gia ukitaka, hata hilo silipendi sana. Lakini injini usizime. Umesikia? Usizime." Nilisikia.

Sasa Naomi. Naomi alikuwa anashona nguo jirani na meza yangu ya viatu, kwao ni Akheri, Wameru wa migomba na kahawa tangu mababu, na baba yake, Mzee Anaeli, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache mpaka apewe kitu cha kunadi. Tulikuwa tumekubaliana mimi na Naomi, lakini baba yake alikuwa hajaniona. Alisema atapokea barua ya posa Jumapili ile baada ya ibada, amtazame kijana mwenyewe, na kama hatampenda atairudisha hapo hapo. Naomi akaniambia, "Kwa baba barua ikirudi ndiyo imerudi. Usilete ya pili." Hiyo ndiyo safari niliyokuwa naiendea. Baba yangu alikuwa mgonjwa kule Machame, akamtuma dada yake, Shangazi Ndeshi, apeleke barua kwa niaba yake.

Tukatoka mjini, vioo juu. Shangazi alikuwa amevaa kilemba cha sherehe, jasho linamtiririka mpaka kwenye hereni.

"Elibariki, nifungulie dirisha."

"Shangazi, upepo unakula mafuta."

"Basi na mimi nakufa. Kipi ghali?"

Nikamwomba avumilie mpaka Tengeru. (Tengeru ilipofika nikamwomba avumilie mpaka juu.) Kuanzia pale barabara inapanda, na kigari kidogo kikipanda kinalia, na kikilia mimi nautazama mshale wa mafuta, na mshale nao ukanitazama mimi. Tukapita kanisani, tukasikia watu, tukasema twende tukawasubiri nyumbani kama watu wenye adabu. Kufika kwa kina Naomi, nyumba kimya. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua wa masale akasema, "Hakuna mtu hapo. Wako mnadani. Leo kuna mbuzi, hawarudi upesi. Mfuateni Mzee huko huko."

Kwa wasiojua: kwenye makanisa ya huku kwetu milimani mkulima akikosa fedha hutoa sadaka ya kile alichonacho, ndizi, kabichi, kuku, na ibada ikiisha vinanadiwa uwanjani. Anayetaka kuongeza bei anainua mkono. Ukiinua mkono umeongeza. Hakuna kujieleza.

Tukageuza. Barabara yote iliyobaki ilikuwa mteremko, mzuri, umenyooka katikati ya migomba, na mshale ule umelala chini kabisa. Nikatoa gia. Gari likaanza kujiendea. Nikasikia injini inaunguruma bure, haifanyi kazi yoyote, inakula tu kama mgeni asiyeaga, roho ikaniuma, nikazungusha funguo. Kimya.

"Mbona gari limekufa?" akauliza Shangazi.

"Halijafa. Linapumzika."

Jamani, sijui kama naweza kuieleza ile raha. Gari linakwenda na hulilipii! Unasikia ndege, unasikia maji ya mfereji, unasikia tumbo la shangazi yako. Nikacheka peke yangu. Nikawa nagusagusa breki kwa madaha, gusa, achia, gusa, achia, na nilichokuwa sikijui (Mzee Saidi alikuja kunieleza akiwa ameshika kichwa) ni kwamba injini ikizimwa breki inabakiwa na pumzi kidogo tu, na mimi ile pumzi nilikuwa naimaliza kwa kuchezea. Tulipokata kona ya kanisani nikakanyaga breki, nikakuta nimekanyaga mzizi wa mti.

Mbele yetu watu wamejaa uwanjani mpaka barabarani, wote wametugeuzia migongo, macho kwa mnadishaji. Gari haliendi kasi ya kuua, kwa haki lilikuwa mwendo wa mtu anayekimbilia mvua isimpate, lakini lilikuwa halisimami na halitoi sauti. Nikapiga honi. Honi, mnakumbuka nilivyoifanya. Nikavuta hendibreki, ikaja yote mkononi, laini kama ndizi mbivu. Nikapiga kelele, vioo vimefungwa, nikamuumiza masikio Shangazi tu. Mtaniuliza, si ungewasha gari? Ndiyo. Ningewasha. Nililikumbuka hilo usiku, kitandani.

Nikazungusha kioo kwa nguvu zote, nikatoa mkono nje nikapunga: ondokeni!

Mzee Anaeli alikuwa amesimama juu ya benchi, kamba ya mbuzi dume mkono mmoja, na chini yake mbele kabisa alikuwa bibi kizee mfupi wanayemwita Koko, mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa na bei ya juu.

"Kwa mara ya kwanza, Koko! Kwa mara ya pili..." Akaniona. Uso ukamfunguka. "Eeeh! Mkono kule nyuma! Mgeni kwenye gari ameongeza!"

"Naongeza!" akasema Koko bila kugeuka.

Nikapunga zaidi.

"Mkono tena! Huyu kijana hana mchezo!"

"Naongeza!"

Shangazi naye kuona hivyo akafungua kioo chake (hatimaye), akatoa kitambaa cheupe akakipeperusha huku akimwita Mungu kwa Kichaga, "Ruwa wangu! Ruwa wangu!"

"Na mama naye yumo!" Mzee Anaeli sasa alikuwa anarukaruka juu ya benchi. "Wanapandishiana wenyewe kwa wenyewe! Kijana! Mama! Kijana tena! Wapendwa, mpisheni mnunuzi apite!"

Hayo maneno ndiyo yaliyotuokoa, nami nitamshukuru mpaka nazikwa. Watu wakageuka, wakaachana pande mbili, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapita katikati yao kama bwana harusi, nikimpungia kila mtu, nikapita benchi, nikapita mbuzi (tulitazamana), nikaingia kwenye lundo la mikungu ya ndizi za sadaka. Gari likasema pufu, likasimama. Kabichi moja ikaviringika polepole mpaka miguuni kwa kwaya. Hapo ndipo nilipomwona Naomi, kwenye joho la kwaya, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wakapiga makofi. Kweli, wakapiga makofi.

Mzee Anaeli akaja akanishika mkono, macho yamemlowa. "Kijana, sijawahi kuona mtu akiikimbilia sadaka namna hii. Mbuzi ni wako. Mungu akuzidishie. Wewe ni wa wapi?"

Shangazi akanifinya paja. "Nyamaza," akaninong'oneza bila kufungua meno. "Mlango huu hatukuugonga, umefunguka wenyewe. Ingia."

Na ningeingia. Sijifanyi mtakatifu, nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme amina. Lakini Koko alikuwa amesimama pale anakunja pindo la khanga yake alimofunga fedha zake za mnada, akasema kwa sauti ndogo, "Mbuzi huyo alikula maharage yangu yote. Shamba zima. Nimemngoja mwaka mzima nimle."

Nikashindwa. "Shikamoo baba," nikasema. "Shikamoo Koko. Mimi sikuwa nanunua. Nilikuwa nawaambia mkimbie."

"Tukimbie nini?" akauliza Mzee Anaeli.

"Mimi. Breki zilikataa."

"Gari bovu?"

"Zima, baba. Nilizima injini kule juu. Nilikuwa nabana mafuta."

Akachungulia garini. "Na huyu mama akiwa ndani?"

"Ndiyo, baba."

"Honi?"

"Hailii injini ikizimwa. Niliagiza hivyo mwenyewe."

"Hendibreki?"

"Nililegeza."

Kicheko kikaanza nyuma kama maji yanayochemka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Tairi je, unazo?"

"Nne," nikasema. "Ya akiba niliitoa."

Hapo uwanja mzima ukaangukiana kwa kicheko. Mchungaji alijishika kwenye mti wa mgrivea. Wazee walikuwa wanafutana machozi. Mzee Anaeli peke yake hakucheka, na Shangazi Ndeshi, ambaye nadhani alikata tamaa ya kila kitu duniani kwa mpigo mmoja, akashuka kwenye gari, akanyoosha kilemba, akaitoa barua kwenye mkoba na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, "tulikuwa tunakuja kwako. Huyu ndiye tuliyekuletea."

Kicheko kikakatika. Mzee Anaeli akaitazama barua, akanitazama mimi, akamtazama binti yake. Naomi alikuwa anatazama kabichi. Mzee akainua barua ile kumrudishia Shangazi, naapa niliona mkono ukienda, na mimi nikaanza kuyatazama majani ya migomba ili nisione.

Koko akaudaka ule mkono hewani.

"Anaeli," akasema, "huyu ni mjinga."

"Ndiyo, mama."

"Mjinga kabisa. Lakini alikuwa na mbuzi mkononi, na sifa, na wewe umemlilia, akavirudisha vyote kwa kizee asichokijua. Mjinga unaweza kumfundisha breki. Nipe mbuzi wangu."

Akapewa mbuzi wake kwa bei yake ile ya kabla yangu. Ndizi nilizolalia nilizilipia zote, ndiyo haki, tukala mchemsho mimi na majirani mpaka wakawa wakiniona wanafunga mlango. Na barua ikaingia kwenye mfuko wa koti la Mzee Anaeli, ingawa aliiweka taratibu sana, kama mtu anayeweka yai.

"Nimepokea," akaniambia. "Lakini binti yangu hatateremka mlima huu kwenye gari nisilolisikia."

Nilidhani ni maneno ya hasira ya siku moja. Tumeoana mimi na Naomi, tumejaliwa watoto, na kila tukienda kuwasalimu Akheri, tukishaaga na kuingia garini, baba mkwe anatutangulia getini na kusimama kando ya barabara, mkono sikioni. Mimi nawasha. Natia gia. Anatikisa kichwa.

"Sisikii!"

Nakanyaga mafuta.

"Sisikii, Elibariki!"

Nakanyaga mpaka kuku wanakimbia na moshi unaingia jikoni kwa mama mkwe, Naomi amelala kwenye bega langu kwa kucheka, na mshale wa mafuta nauona kwa macho yangu ukishuka, nami naendelea kukanyaga tu, mpaka mzee aridhike.